Watoto wa Kutwa: Safari ya Diani, Gazi na Msambweni

Mtu atokaye kisiwani Mombasa kwenda pwani ya kusini huvuka Likoni kwa feri iliyozoeleka tangu zama za wazee wetu, ama akipenda kuzunguka hupita barabara mpya ya Dongo Kundu, inayokwenda juu ya maji ya Mwache na Mteza kwa madaraja marefu yapendezayo macho. Nami, ingawa barabara hiyo haina msongamano wala kungoja, nilichagua feri, kwa sababu niliokwenda kuwatazama ni wanafunzi, na pale kivukoni, saa kumi na mbili na robo za asubuhi, ndipo mtu anapowaona kwa wingi, sare zimepigwa pasi, mikoba mgongoni, hawa wakitoka Likoni kwenda shule za kisiwani na wale wakitoka kisiwani kwenda ng'ambo, wakipishana bila kutazamana. Ulikuwa muhula wa pili wa mwaka 2025, na upepo wa kusi ulikuwa umekwisha shika hatamu.

Haja yangu ilikuwa shule moja ya binafsi iliyo karibu na Diani, ambako sahibu yangu wa siku nyingi husomesha sayansi. Ni shule ya kutwa, haina bweni hata moja, wala haimpokei kila ajaye, bali huwachagua wanafunzi wake kwa mtihani na kwa mahojiano na wazazi. Jina lake nitaliacha, kwani wenyewe walinikaribisha kama mgeni wa nyumbani na hawakutaka kutangazwa. Kilichonivuta kwao si majengo wala sifa ya matokeo. Ni kwamba watoto wao, pamoja na kuwa wamechaguliwa kwa uangalifu ule ule wa shule kubwa za bweni, hurudi kwao kila jioni, wakala chakula cha mama zao na wakalala chini ya paa walilozaliwa.

Jambo hilo si dogo katika pwani yetu. Shule ya serikali ya Waarabu ilipofunguliwa Mombasa mwaka 1912, na baadaye taasisi ya elimu ya Waislamu, ile ambayo watu waliizoea kwa jina la MIOME, ilipoanza kusomesha mwaka 1951, mtoto wa Vanga, wa Shimoni au wa Msambweni aliyejaaliwa kupata nafasi alikuwa hana budi kuihama nyumba yao. Na wazazi wengi, waliokwisha ona jinsi shule za misheni zilivyofungamanisha kusoma na kubadili dini, walimzuia mtoto si kwa kuichukia elimu bali kwa kuchelea kumpoteza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki 1947, alijitahidi kwa kalamu yake, katika gazeti la Sahifa na kisha katika Al-Islah alilolianzisha mwaka 1932, kuwaeleza Waislamu wa pwani kwamba elimu ya kisasa na dini yao si mahasimu, na kwamba kukaa nyuma ndiko hasara yenyewe. Maneno yake yalisikiwa, lakini shule zilizokuwa karibu zilikuwa chache, na kwa hiyo kusoma na kuondoka vikaendelea kwenda pamoja. Hata katika siku zetu hizi, mpango wa Elimu ni Sasa ulioanzishwa na serikali ya kaunti ya Kwale chini ya gavana Salim Mvurya umefanya kheri kubwa, maana umewalipia karo vijana wengi wa nyumba maskini. Ila walio hodari kupita wote ndio wanaopelekwa mbali kupita wote, katika shule za kitaifa zilizo bara, na kijiji huwaona likizo kwa likizo, kila mara wakiwa warefu zaidi na wageni zaidi.

Baada ya Likoni barabara hupita Ng'ombeni na Waa, ambako shule za bweni za wavulana na za wasichana zina majina makubwa tangu zamani, kisha hufika Kombani, panapochepuka njia ya kupanda kwenda mji wa Kwale na vilima vya Shimba, makao pekee ya palahala katika Kenya nzima. Sikupanda siku ile. Nilikwenda moja kwa moja hadi Ukunda, nikashuka matatu, nikachukua tuktuk, na nilipofika langoni pa shule gwaride lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Ratiba yao ni ya watu wanaojua thamani ya saa. Saa moja na nusu ni gwaride, saa mbili kasorobo somo la kwanza, na kila kipindi ni dakika 40, mpaka saa saba kasorobo wanapokwenda kula; kisha masomo tena hadi saa tisa na nusu, halafu michezo na vyama vya wanafunzi, na saa kumi na nusu mabasi ya shule huondoka, moja likielekea Likoni, jingine Ukunda na vijiji vyake, na la tatu Msambweni. Waliokuwa wakitazamwa na kila mtu mwaka ule ni wanafunzi wa Gredi ya 9, kwa kuwa wao, nchini kote, ndio darasa la kwanza la mtaala wa umilisi: walifanya mtihani wa KPSEA, wa Gredi ya 6, mwaka 2022, wakaingia Gredi ya 7 mwaka 2023 wakati ambapo walimu wenyewe walikuwa wangali wakijifunza mtaala huo, na mwisho wa mwaka 2025 walikuwa wakingojewa na mtihani wa KJSEA, ambao huhesabiwa asilimia 60 ya alama zao, asilimia 20 zikitoka katika kazi walizofanya shuleni na 20 katika ule mtihani wa Gredi ya 6. Wanasoma masomo 9, na mwenye kuyakumbuka masomo ya zamani atastaajabu kuona kilimo, ufundi wa awali, na sanaa pamoja na michezo vimeketi safu moja na hisabati na sayansi, si nyuma yake. Baada ya hapo kila mtoto huchagua mkondo: sayansi na ufundi, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Nilikaa nyuma ya darasa katika kipindi cha hisabati. Mwalimu, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alikuwa amewagawa wanafunzi 28 katika makundi ya wanne wanne, akawapa bei za samaki wa soko moja la hapo jirani kwa siku kadhaa mfululizo, changu, tafi, pweza na jodari, bei ya kupokea kwa mvuvi na bei ya kuuza kwa mchuuzi, ili watafute faida kwa asilimia. Mvulana mmoja alinyoosha mkono akauliza, kwa adabu kabisa, ikiwa hesabu ile imeondoa bei ya barafu. Darasa lilinyamaza, mwalimu akamwuliza amejuaje, akajibu kwamba babake ni mchuuzi, na siku pweza anapokosa mnunuzi barafu ndiyo inayokula faida yote. Mwalimu alifuta ubao, akaandika barafu, na kazi ikaanza upya. Nimepata kuingia madarasa mengi katika maisha yangu, na sikumbuki darasa jingine ambalo mtoto mmoja aliisahihisha hesabu ya mwalimu kwa ilimu aliyoipata mezani kwa babake usiku uliotangulia.

Ama kuhusu namna wanavyochaguliwa, nilimwuliza mwalimu mkuu waziwazi, naye akanijibu waziwazi. Mwombaji hufanya mtihani wa Kiingereza, Kiswahili na hisabati. Kisha huitwa yeye na mzazi au mlezi, wakazungumzishwa mbalimbali. Na wanaoomba huwa wengi kuliko viti. Karo si ya mtu wa kawaida. Wazazi walio wengi ni madaktari wa hospitali ya rufaa ya Msambweni, mameneja na wapishi wakuu wa mahoteli ya Diani, wafanyabiashara wa Ukunda, na wageni wakaazi waliotoka Ulaya wakaoa au wakaolewa hapa. Na kila mwaka shule huwafadhili watoto wachache wasio na uwezo, ambao mtihani wao ni ule ule na viti vyao havina alama yoyote ya kuwatambulisha. Nilimwambia, na hapa narudia, kwamba wachache hao ni wachache mno. Shule inayochagua hujipa haki ambayo shule ya umma haina, haki ya kusema huyu ndiyo na yule siyo, na haki hiyo sharti ilipiwe. Na katika nchi ya Wadigo na Waduruma, ambako kwa muda mrefu watoto hodari wamekosa shule si kwa upungufu wa akili bali kwa upungufu wa njia na wa nauli, malipo yake ni kuwatafuta hao watoto huko waliko, Kinango na Lungalunga, badala ya kungoja waje kugonga lango la Diani. Mwalimu mkuu hakukasirika. Alisema kwamba tatizo la kwanza ni mabasi, kwa kuwa shule ya kutwa inaweza kumfadhili mtoto kwa karo, kwa vitabu na kwa chakula, lakini haiwezi kuisogeza Kinango karibu na bahari.

Wakati wa chakula niliketi na wanafunzi. Siku ile kulikuwa na wali wa nazi, maharagwe na mchicha, na wote, waliolipiwa na wazazi na waliofadhiliwa, walipakuliwa kwa kata moja. Mbega, wale weusi wenye mabega meupe ambao Diani ndiyo ngome yao, walikuwa juu ya miti ya ua wakila majani kwa utulivu, na watoto hawakuwajali. Lakini nilipouliza, msichana mmoja alinieleza habari za madaraja ya kamba yaliyotundikwa juu ya barabara ya Diani na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, ili wanyama hao wavuke bila kugongwa na magari, na jinsi chama chao cha mazingira kinavyokwenda kuhesabu wangapi huyatumia. Adhuhuri wavulana Waislamu walitawadha wakasali katika chumba kilichotandikwa mikeka, wasichana katika chumba cha pili, na Ijumaa ratiba hukatwa mapema wapate kwenda msikitini. Jioni, nusu ya darasa, baada ya kushuka basi, huvua sare moja wakavaa nyingine, wakaenda madrasa mpaka magharibi.

Lugha ndiyo iliyonitia huzuni kidogo. Siku 4 za juma sheria ni Kiingereza kila mahali, na siku 1 ni Kiswahili. Kidigo, ambacho ndicho kilichowalea wengi wao, hakina siku. Maktaba yao ni nzuri, yenye mwanga na viti vya kutosha, ila rafu ya Kiswahili ni moja tu, na humo nilimkuta Shaaban Robert na Kusadikika yake, na Said Ahmed Mohamed na Utengano yake, na vitabu vya mitihani, basi. Shule iliyo karibu na Mombasa ya mshairi Muyaka bin Haji haina udhuru wa kuwa na rafu moja. Nilimweleza hivyo sahibu yangu, akatikisa kichwa, akasema, "Kesho twende Gazi, utakisikia Kidigo kikisomesha."

Gazi ni kijiji cha wavuvi baina ya Diani na Msambweni, maarufu katika tarehe kwa kuwa ndiko ilikokuwa ngome ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, aliyewapinga Waingereza kwa silaha katika mwaka 1895 na 1896. Na siku hizi ni maarufu kwa mikoko yake. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakisaidiwa na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, yenye kituo chake pale pale, waliunda mradi wa Mikoko Pamoja, wakaanza kuuza katika soko la dunia hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wao wa hekta 117, wa kwanza wa namna yake duniani kuendeshwa na jamii yenyewe. Na fedha zinazopatikana zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule katika vijiji hivyo. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sahibu yangu huwaleta wanafunzi wa Gredi ya 9 hapa kila muhula, na hawaji kutembea; huja kupima.

Maji yalikuwa yamekupwa, tena ni maji ya bamvu, kwa hiyo tuliingia mbali sana matopeni. Kila wawili walikuwa na utepe wa kupimia, daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu kalamu ya wino haifai katika unyevu. Kanuni ni kwamba mti hupimwa unene wake kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na kwa unene huo hukadiriwa uzito wake na ukaa ulioumo. Kwa mchu na mlilana kanuni hiyo haina taabu. Lakini mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyojipinda angani kama miguu ya kaa, na msichana mmoja, mwembamba, mwenye hijabu nyeupe aliyoikunja isiguse tope, alisimama na utepe wake mkononi, akauliza: huu mti unaanzia wapi? Mwalimu hakumjibu. Alimwita mzee aliyekuwa amekaa juu ya mtumbwi akitengeneza wavu, naye akaja taratibu, akaingia matopeni kwa miguu mitupu.

Mzee yule alikuwa mkata magogo katika ujana wake, zama mikoko ilipokuwa ikikatwa kwa mashehena. Alimsemesha mtoto kwa Kidigo, na mtoto akamjibu kwa Kidigo kwa haraka ambayo sikuisikia shuleni. Aliweka kiganja juu ya mzizi wa mwisho wa juu, akapandisha kidogo, akagonga: hapa ndipo gogo linapoanza, hapa ndipo shoka linaposhika. Mwalimu akafungua kitabu chake cha kanuni akatuonyesha: kwa mkoko, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kisha mzee, akiwa ameona kwamba anasikilizwa, akaendelea: akawataja fito, pau, mazio, boriti na nguzo, akishika kila mti na kusema huu ungekuwa nini na ungejenga wapi, fito za ukuta, boriti za dari, nguzo za kubeba nyumba nzima. Wanafunzi waliandika yote. Mmoja alichora jedwali, upande huu sentimita, upande huu majina ya mzee, na alipomaliza, madaraja ya wakataji na vipimo vya wataalamu yalikuwa yamesimama safu kwa safu bila kugombana. Nilikaa juu ya gogo nikaitazama karatasi ile yenye alama za tope, nikaona kwamba hiyo ndiyo elimu ambayo Sheikh Al-Amin aliipigania, ilimu mbili katika daftari moja.

Yule msichana wa utepe anakaa Msambweni, nasi tulimpeleka kwao kwa gari la shule, maana basi lilikuwa limekwisha ondoka. Bibi yake alitupokea barazani, tukamwamkia shikamoo, akatupa madafu, na mjukuu akaingia ndani akatoka na karatasi nyingine. Mwaka ule kila mwanafunzi wa Gredi ya 9 alitakiwa kuchagua shule 12 ambazo angependa kuendelea nazo katika Gredi ya 10, za bweni na za kutwa, na zile za kutwa ni za karibu na kwao. Yeye alikuwa amechagua mkondo wa sayansi, kwa kuwa alitaka kusomea elimu ya bahari. Nyingi katika shule za bweni alizoziandika zilikuwa za Nairobi, za Kiambu na za Mombasa. Bibi alishika karatasi mbali na macho, akamwuliza mwalimu, "Mwanangu, hizi za mwisho ndizo za hapa hapa?" Akaambiwa ndizo. "Basi kwa nini ziko mwisho?"

Sahibu yangu alimweleza kwa heshima kwamba fomu ndivyo ilivyopangwa, bweni kwanza, kutwa baadaye, na kwamba huko mbali kuna maabara kubwa na walimu wengi wa fizikia na kemia. Yote ni kweli. Bibi hakubisha, alisema tu kwamba mtoto huyu ndiye anayemsomea barua za hospitali, na ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuhesabu, na kwamba akienda, aende kwa salama. Nilitamani kumwambia kwamba shule ile ya Diani inatarajia kufungua madarasa ya Gredi ya 10, kama mwalimu mkuu alivyonidokeza, ili wanafunzi wa namna hii wapate maabara bila kuhama. Ila jambo lisilothibitika halisemwi mbele ya mtu mwenye matumaini, kwa hiyo nilinyamaza, na nikaazimia kumwandikia mwalimu mkuu kumhimiza. Barua hiyo nimekwisha kuipeleka, na ndani yake nimeandika pia habari ya rafu ya Kiswahili na ya watoto wa Kinango.

Usiku ulipoingia nilichukua bodaboda mpaka Ukunda. Kijana aliyeniendesha aliuliza nilikwenda kwa nani Msambweni, nikamweleza kwa ufupi, na habari ya shule ilipomfikia akapunguza mwendo. Ana binti wa Gredi ya 6, akasema, wa kwanza darasani katika shule ya msingi ya serikali, na amewahi kuona mabasi ya ile shule yakipita, hakujua kwamba huwa kuna ufadhili wala kwamba mtu wa kawaida anaweza kuomba. Tulisimama chini ya taa ya kituo cha mafuta. Nilimtajia yote niliyoambiwa: mtihani huwa wakati gani wa mwaka, cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule za mihula iliyopita, barua ya chifu kuhusu hali ya nyumba. Alitoa simu akaandika polepole, akinirudisha nyuma kila aliposhindwa, kisha akauliza ikiwa Kiswahili nacho kinatahiniwa, na nilipomwambia ndiyo akacheka kwa furaha, akasema hapo binti yake hawamwezi.